GDB au ujumbe wa kuchapisha: kipi kinachelewesha kazi?

Hapa Ngamiani, Tanga, tunaandika programu ya kuhesabu marobota ya mkonge, na wiki iliyopita hesabu ilikuwa ikikosea katika mzunguko mmoja tu kati ya maelfu. GDB, programu ya kusakia makosa ndani ya programu nyingine, ambayo Richard Stallman aliiandika mwaka 1986, hukuwezesha kuisimamisha programu na kukagua kumbukumbu yake bila kuijenga upya, na kwa programu iliyoanguka ghafla sioni cha kuishinda. Lakini ukiweka kituo chenye sharti, yaani mahali unapotaka programu isimame pale tu sharti fulani likitimia, kwa kawaida programu husimama kila inapopita hapo, GDB hulipima sharti, kisha huiruhusu iendelee lisipotimia. Ndiyo maana kazi ya sekunde chache ilituchukua dakika nyingi, tukiikodolea macho skrini isiyosogea. Inaudhi kweli, kwa kuwa ukishasubiri hivyo hata wazo ulilokuwa nalo hukuponyoka.

Kuchapisha ujumbe, yaani kuiandikia programu mistari ya kuonyesha thamani zake inapoendelea, ni njia ya kizamani, nayo hudai programu ijengwe upya kila swali jipya linapozuka. Kwa mizunguko mingi, hata hivyo, naichagua hiyo: mstari mmoja tu, “robota 4117, uzito -3”, ulituonyesha kosa lilipo.