Uzi wa mikoba ya felti: nilioujaribu hapa Moshi

Nafuma mikoba na slipa za felti, zile ambazo ukishamaliza kufuma unazisugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka vitanzi vinapotea na kitambaa kinakuwa kinene. Uzi wa kazi hii ni wa kutafuta kwa tochi, na lebo peke yake haitoshi.

Wa kwanza ni wa duka moja hapa mjini. Rangi nzuri, bei nafuu, muuzaji akaniapia kwamba ni sufu tupu. Nilikata kipande nikakiwashia kiberiti juu ya sahani ya bati: ukayeyuka na kuacha kitonge kigumu cheusi. Hiyo ni akriliki, yaani uzi wa plastiki. Sufu ikiungua hunuka kama nywele, ukiitoa kwenye moto huzimika yenyewe, na jivu lake husagika vidoleni. Kwa sweta uzi ule unafaa sana, ila felti hautoi hata uusugue mpaka kesho.

Wa pili aliniletea wifi yangu kutoka Nairobi, na huu ndio ulionifundisha zaidi. Moto ulisema sufu, lakini maji yakakataa. Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Joto, unyevu, sabuni na msuguano huyafanya yakamatane yasiachiane tena. Sufu yenye lebo ya "Superwash", ya kufuliwa kwa mashine, magamba yake yameondolewa makali au yamefunikwa kwa dawa kiwandani. Kipande changu kililegea tu kama tambi. Kwa hiyo moto unakwambia uzi ni wa nini, ila kama utaganda, muulize maji.

Wa tatu nimeufumua kutoka sweta la mtumba la soko la Memorial. Huu nausifu bila kusita. Nilifuma kipande cha sentimita 20 kwa 20, kwa ulegevu, na sindano kubwa kuliko ninazotumia kwenye sweta. Beseni, maji ya moto, glavu, sabuni ya mche. Sugua, suuza kwa maji baridi, rudia. Kikatoka upana 17, urefu 14, vitanzi havionekani. Vipimo hivyo viandike, maana felti hurudi zaidi kwa urefu kuliko upana, na mkoba usiporefushwa mapema utatoka kama sahani. Ukiwa na haraka, lowesha ncha mbili uzisugue kwa nguvu kati ya viganja: zikishikana, uzi una matumaini.

Rangi nazo zijaribu pamoja. Nyekundu ya sweta lile ilichuja ikaupaka waridi uzi mweupe wa pembeni.

Ukienda Memorial, geuza sweta uangalie mishono ya ubavuni. Lililokatwa na kupigwa ovaloki liache, kwa sababu ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi visivyofaa kufumia.