Deki ya SACD na CD ya kawaida: unacholipia hasa

Ukiikuta deki ya mtumba ya Kijapani yenye nembo ya SACD (Super Audio CD, aina ya diski ya muziki iliyokuja baada ya CD), iwe Memorial pale Moshi au mitaa ya Kilombero Arusha, muuzaji atakuapia kwamba inatoa sauti ambayo CD haiiwezi. Deki yenyewe inaweza kuwa nzuri sana. Kinachopimwa hapa ni hayo maneno ya sauti, na jibu tulitoe mapema: kwa muziki uleule, kutoka masta ileile (rekodi ya mwisho ya studio inayonakiliwa kwenye diski), ukubwa wa sauti ukiwa umesawazishwa, karibu hakuna anayeweza kutofautisha SACD na CD iliyotengenezwa vizuri.

CD ilitoka mwaka 1982 ikiwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani sauti hupimwa mara hizo, kila kipimo kikiandikwa kwa tarakimu 16 za kompyuta (biti 16). Kiasi hicho hubeba masafa hadi kilohezi 22 hivi, wakati sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye 20, na la mtu mzima chini zaidi. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ya juu kabisa na kelele ya chini. Chukua sebule ya Njiro usiku, bodaboda zimelala na mbwa wamenyamaza: bado kuna kelele ya desibeli 30 hivi. Ili uzifaidi zote 96 juu ya kelele hiyo, itabidi vilele vya muziki vifike desibeli 126, kiwango cha kuumiza masikio. Mvua ikianza kupiga bati ndiyo usahau kabisa.

SACD ilifuata mwaka 1999. Hutumia biti moja tu, lakini mara 2,822,400 kwa sekunde. DVD-Audio, DVD ya muziki iliyoshindana nayo, hufika biti 24 na kilohezi 192. Namba zinapendeza, ila kinachoongezeka kiko juu ya uwezo wa sikio au kimefunikwa na kelele za chumba. Tena SACD husukumia kelele zake juu ya kilohezi 20, kwa hiyo huko juu si muziki mtupu. Na kama unachopenda ni dansi la miaka ya 1970 lililorekodiwa kwenye kanda, mchakacho wa kanda yenyewe ni mkubwa kuliko kelele ya CD. CD haikunyimi chochote hapo.

Mwaka 2007 watafiti wa sauti Meyer na Moran walichapisha matokeo ya kupitisha sauti ya SACD na DVD-Audio kwenye kifaa cha biti 16 na kilohezi 44.1, wasikilizaji wakatakiwa wabaini kama kifaa hicho kipo njiani au hakipo. Majibu 276 kati ya 554 yalikuwa sahihi. Hata ukirusha shilingi utapata hivyo. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss alijumlisha tafiti 18 akapata majibu sahihi asilimia 52.3, na waliofunzwa kusikiliza walizidi 60 kidogo. Basi kuna kitu kidogo huenda kipo, lakini si cha kumfanya mtu auze sabufa.

Mbona wengi wanasikia tofauti nyumbani? Diski nyingi za SACD zina matabaka mawili: la SACD katikati ya unene na la CD juu yake. Mtu hubonyeza kitufe, anahama tabaka, sauti inabadilika, anashangilia. Mara nyingi studio imetumia masta mbili: ya CD imebanwa ili ipige kwa nguvu, ya SACD imeachwa ipumue. Hiyo ni kazi ya fundi wa studio, na ingesikika vilevile ikiwekwa kwenye CD. Au tabaka moja liko juu kwa nusu desibeli tu, na sikio hulihesabu kuwa ndilo safi zaidi. Kosa jingine ni kuilinganisha SACD na CD ya kuchoma ya mtaani iliyotokana na MP3. Ifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua mwonekano wa spektogramu (picha ya masafa ya sauti): MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukatika kama kisu kwenye kilohezi 16. Hiyo imeshachakachuliwa, isiitwe CD.

Jaribio la haki halihitaji hata deki. Pata faili la biti 24 na kilohezi 96. Kwa Audacity litoe kama WAV ya biti 16, 44,100, ukiacha ditha iwake (kelele ndogo inayoongezwa ili kupunguza biti kusiharibu sauti), kisha lirudishe 24 na 96 ili kompyuta iyapige mafaili yote mawili kwa mwendo uleule wa sampuli, usije ukalitambua kwa hilo. Weka mafaili yote mawili kwenye foobar2000, programu ya kupiga muziki, yenye kiongezo cha ABX (jaribio la kubahatisha faili gani linapigwa bila kuambiwa), vaa hedifoni, jaribu mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, umesikia kitu. Chini ya hapo usijidanganye.

Bado deki hizi tunazisifu kwa mambo mengine: muziki wa spika tano kwa mwenye nazo, na masta zilizofanywa kwa uangalifu. Ila chunga umeme. Deki iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na soketi zetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja, ukiwa na bahati inakata fyuzi tu. Usipokuwa nayo, transfoma ya ndani inaungua. Soma kibandiko cha nyuma. Deki nyingi hazizidi wati 30, hivyo transfoma ya kushusha 230 hadi 100 yenye VA 100 (kipimo cha uwezo wa transfoma, kinachokaribiana na wati) inatosha na kubaki.

Dukani nenda na diski yako ya matabaka mawili. Hakikisha neno SACD linawaka kwenye kioo cha mbele, kwa sababu deki iliyochoka inaweza kupiga CD vizuri na kushindwa SACD. Mwanga wa leza unaosoma SACD ni mwingine, nanomita 650 badala ya 780. Piga wimbo wa mwisho, ulio ukingoni mwa diski, kwa dakika tano. Wimbo ukirukaruka, futa diski kutoka katikati kwenda nje, kisha safisha lenzi kwa pamba na spiriti safi, maana vumbi letu halina huruma. Ukirukaruka tena, iache hapohapo mezani.