Gereji ya umeme wa magari Ilala: wanapima kwanza, ndipo wanafungua

Gereji hii haina jina. Iko Ilala, jijini Dar es Salaam, ndani ya uzio wa mabati, na inatambulika kwa tairi kuukuu lililopakwa rangi nyeupe na kuandikwa "FUNDI UMEME WA MAGARI". Magari matano yakishaingia, hakuna pa kugeuzia la sita. Nilielekezwa huko nikiwa na Toyota IST iliyokuwa na tabia ya kugoma kuwaka, hasa inapokuwa imetembea juani kisha ikazimwa kwa muda mfupi: ukizungusha ufunguo unasikia mlio wa ta-ta-ta chini ya boneti, lakini injini haizunguki hata kidogo. Fundi wa kwanza wa mtaani kwetu alitamka kwamba stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, imekufa kabla hajafungua boneti, wa pili akasema ni betri, na kila mmoja alikuwa tayari kumtuma kijana wake Gerezani, mtaa wa maduka ya spea, akachukue spea. Mwenye gari Dar es Salaam anaijua safari hiyo ya kijana, na anajua pia kwamba bei atakayorudi nayo ina cha juu, yaani nyongeza ya mfukoni, ndani yake.

Fundi mkuu wa hapa Ilala alianza kwa maswali. Aliuliza kama gari liliwahi kubustiwa, yaani kuwashwa kwa umeme wa betri ya gari jingine, na kama lilipobustiwa liliwaka, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza kabla: ninapozungusha ufunguo na gari likagoma, taa za mbele zinafifia au zinabaki na mwanga uleule? Nilimjibu kwamba zinabaki vilevile. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata nusu ya jibu, na ndipo akaenda kuchukua mita ya kupimia umeme.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii. Aliigusisha mita kwenye vichwa viwili vya betri gari likiwa limezimwa, ikasoma volti 12.6, kiwango cha betri iliyojaa. Kisha akaacha ncha moja ya mita juu ya kichwa cha hasi, akiigandamiza kwenye risasi yenyewe na si kwenye kibano kinachoishika, ncha ya pili akaichomeka kwenye chuma kitupu cha injini, akasema, "Dada, nizungushie ufunguo." Mlio ukatoka kama kawaida, na tarakimu zikaruka kutoka sifuri hadi kupita 3. Baina ya injini na hasi ya betri, akanieleza, gari linapowashwa haipaswi kupotea hata nusu ya volti. Volti zilizokuwa zikipotea pale ndizo ambazo stata ilikuwa inazikosa. "Betri yako haina kosa, dada, na stata sina sababu ya kuifungua."

Kosa lilikuwa kwenye waya mnene wa hasi unaofungwa kwenye injini. Kwa juu ulionekana mzima, lakini bolti ilipolegezwa, kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani hadi nyuzi za shaba zikawa zinakatika kwa kidole. Taa za mbele zilibaki na mwanga kwa sababu hasi yake hupitia kwenye bodi, kwa waya mwingine ambao ulikuwa salama. Stata hupata hasi yake kupitia injini. Joto nalo lilikuwa na mchango wake, kwa kuwa waya uliokwisha kuchoka huzidi kuwa mkaidi unapopata moto. Alikata kipande kilichooza, akafunga kichwa kipya, akasugua kwa msasa pale bolti inapokaa, akapima tena. Mita haikufika hata robo ya volti, na gari likawaka kwa mguso mmoja.

Kupima walinitoza shilingi 15,000, na kazi yote pamoja na kichwa cha waya ikafika shilingi 40,000. Stata ya mtumba, ambayo nilikuwa nimekwisha kutajiwa bei yake mtaani, ingegharimu mara kadhaa ya hapo, na kwa kuwa kosa halikuwa kwenye stata, gari lingeendelea kugoma vilevile hata baada ya kufungwa nyingine.

Nilikaa hapo muda wa kutosha kuona wanavyoshughulikia magari mengine, na utaratibu wao haubadiliki. Gari lisilowaka wanaliweka kwenye moja ya mafungu matatu kabla ya kushika spana: lililo kimya kabisa, linalogonga bila kuzunguka, na linalozunguka bila kushika. Lililo kimya huanzia kwenye fyuzi, relei na swichi ya gia, ile inayoruhusu gari la otomatiki kuwaka gia ikiwa kwenye P au N tu. Mteja mmoja alipiga simu akiwa amekwama na Noah yake ya otomatiki. Aliambiwa akanyage breki, asogeze gia kutoka P hadi N, ajaribu tena, na gari likawaka akiwa bado yuko kwenye simu. Aliambiwa alilete wiki hiyohiyo swichi ya gia ikaangaliwe, na hakudaiwa kitu kwa ushauri huo. Linalozunguka bila kushika halianzii kwenye betri hata kidogo: fundi huinamia kiti cha nyuma kusikiliza kama pampu ya mafuta inavuma ufunguo unapofunguliwa, kisha hukagua moto wa plagi.

Jambo la mashine nalo nilitaje, maana siku hizi gereji nyingi za mjini hujitangaza kwa hilo. Wanayo mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ila haitangulii. Mashine husoma makosa ambayo kompyuta yenyewe imeyatambua, na waya wa hasi uliooza mara nyingi hauandiki kosa humo. Gereji inayochomeka mashine kwanza, ikakosa cha kusoma, kisha ikaanza kubahatisha spea, haina tofauti kubwa na fundi wa chini ya mwembe isipokuwa gharama ya kuegesha.

Spea ikihitajika, wanakuandikia namba yake kwenye karatasi na kukuachia uamuzi wa kwenda Kariakoo mwenyewe au kuwaagiza. Ya zamani unarudishiwa mkononi bila kuiomba. Na kuna jambo lililonigusa zaidi: nilikwenda na shemeji yangu, na katika gereji nyingi maelezo yote huelekezwa kwa mwanamume aliyesimama karibu. Hapa fundi alimsalimia shemeji vizuri, kisha akazungumza na mwenye gari.

Kasoro zipo. Wa kutegemewa katika kupima ni fundi mkuu peke yake; vijana wake hufungua na kufunga kwa ustadi, lakini asipokuwepo wanakuomba usubiri, jambo la uaminifu linaloweza kukugharimu nusu siku. Ukiahidiwa saa nane, jipange kwa jioni. Hakuna kiti cha mteja wala kivuli zaidi ya kile cha mabati, ambayo mchana huwa yanachoma. Risiti ya mashine ya kodi (EFD) haikutolewa hadi nilipoiomba, na ilipatikana baada ya kijana kutumwa duka la jirani, jambo ambalo sikulipenda, maana risiti hutolewa na aliyepokea fedha. Dhamana ya kazi ni ya mdomo. Niliomba iandikwe nyuma ya karatasi ya makadirio, wakaandika bila ubishi, na ningemshauri kila mteja afanye hivyo.

Jumamosi pamejaa kupita kiasi. Asubuhi za katikati ya wiki, kabla ya saa tatu, ndizo nafuu, na ni vizuri gari lifike likiwa bado na tatizo lake, kwa sababu fundi huyu hakubali kutibu ugomaji asioushuhudia; gari likiwaka vizuri mbele yake, atakupimia chaji na betri, kisha atakuambia urudi likigoma. Wanafuata gari lililokwama pia, kwa nauli ya bodaboda na ada ya kupima, lakini hawavuki Ubungo wala hawaendi Kigamboni. Wenye Aqua na Prius wasisumbuke: betri kubwa ya haibridi hawaigusi, na wanalisema hilo mlangoni kabla gari halijaingia.