Magadi yalivyonisaidia kutoa lebo kwenye chupa 60 za achari

Mimi natengeneza achari ya embe na ya ndimu nyumbani, Tanga. Chupa ninazopakia ni za kioo zilizokwishatumika: za jemu, za asali, za sosi, nazinunua kwa kijana anayepita mtaani na mkokoteni. Kuziosha ndani si taabu. Taabu ni lebo. Mteja akiona vipande vya karatasi na gundi iliyoshika vumbi, hata achari iwe tamu namna gani, anaiweka chini na kuondoka. Nimehangaika na jambo hili muda mrefu, na mwezi uliopita nilipopata chupa 60 kwa mpigo ndipo nilipopata njia ninayoiamini: magadi kwanza, halafu mafuta ya nazi kwa zile kaidi.

Magadi ninayosema ni haya haya ya sokoni, tunayotia kwenye makande na mlenda, yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron kwetu na Magadi kwa jirani zetu Kenya. Niliyaponda, nikatia kikombe kimoja kwenye beseni kubwa la plastiki lenye maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Kila chupa niliijaza maji hayo hayo ili izame, nikazilaza ubavu, nikaenda kuendelea na mapishi.

Niliporudi baada ya saa moja, lebo nne zilikuwa zinaelea zenyewe juu ya maji, nzima nzima, hata maandishi yanasomeka. Nyingine nilizisukuma kwa kidole gumba zikateleza kama ganda la ndizi bivu. Sikukwangua kitu. Chupa 38 kati ya 60 zilimalizika kwa njia hiyo.

Siri iko kwenye gundi. Viwandani, chupa za bia zinazorudishwa huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda, na lebo zake za karatasi hubandikwa kwa gundi inayoachia humo. Magadi yako ukoo mmoja na kostiki ila ni mapole zaidi. Tafadhali msije mkaleta kostiki yenyewe jikoni mkidhani itaharakisha kazi: inaunguza ngozi, na ikiruka jichoni ni hatari kubwa. Hata magadi yanakausha mikono, kwa hiyo vaa glavu. Na usitumie sufuria ya alumini. Mimi nilianza na sufuria yangu ya wali, nikaikuta imekuwa nyeusi ndani, na mpaka leo haijarudi rangi yake.

Zilizobaki 22 zilikuwa na stika za plastiki, zile zinazong'aa. Hizo ukizilowesha hata usiku kucha hazijali, kwa sababu maji hayapenyi na gundi yake si ya kuyeyuka majini. Inanata kama ulimbo. Dawa yake ni joto, kisha mafuta. Ya kwanza niliimiminia maji yanayochemka ikiwa bado baridi, ikalia ta! na kitako kikabaki juu ya meza. Nashukuru sikuwa nimeishika. Kioo hakipendi kushtuliwa, ni lazima uanze na maji ya uvuguvugu, uyamwage, ndipo uweke ya moto zaidi. Mwishowe niliacha habari ya maji nikazianika juu ya bati saa saba mchana. Jua letu la pwani lilitosha kabisa. Baada ya saa moja nilianza kuzibandua, na hapa mkono uwe wa taratibu: inua kona kwa ukucha, kisha ivute stika kwa kuirudisha nyuma, ikilala karibu na kioo. Ukiivuta kwenda juu kwa haraka inachanika na gundi yote inabaki.

Gundi kidogo hubaki hata hivyo. Niliipaka mafuta ya nazi, nikaacha nusu saa, nikasugua kwa dodoki. Utaiona inajiviringa chini ya kidole kuwa vijipunje vya kijivu, inatoka. Ukimaliza, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto mara mbili, maana chupa yenye mafuta haitashika lebo yako mpya. Mafuta ya alizeti nayo yanafanya kazi ile ile. Mimi nilitumia ya nazi kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu.

Kuhusu vitu vingine nilivyowahi kujaribu: mafuta ya taa yanatoa gundi upesi sana lakini harufu yake inang'ang'ania kwenye mdomo wa chupa, na kwa chakula siyataki tena. Spiriti ni nzuri kwa doa dogo, ila iwe mbali na jiko. Stilwaya inakwaruza kioo; mikwaruzo huioni mpaka uiweke chupa kwenye mwanga, na mteja huiweka kwenye mwanga. Maandishi yaliyochapwa kwenye kioo chenyewe, kama ya chupa za soda, msijisumbue nayo, yamechomwa humo na hayatoki kwa lolote kati ya haya.

Siku hizi kijana wa mkokoteni akifika sinunui kwa macho tu. Nalowesha kidole, nasugua kona ya lebo, kisha naikwaruza kwa ukucha. Ikilowa na kumomonyoka ni karatasi, nachukua zote kwa bei yake. Ikibaki kavu na kuvutika ni plastiki, tunapatana upya, na nachukua zile tu nitakazoweza kuzianika siku ya jua.