Ndoana za mshipi wa maji ya kina: ipi ya kununua kwanza

Anayevua mshipi kwenye mwamba wa kina hamuoni samaki anapokula. Chini yake kuna pima ishirini au thelathini za maji, nailoni inavutika, mkondo unaupinda mshipi, na samaki akidokoa, habari hukufikia kidoleni ikiwa imechelewa. Ndiyo maana, kwangu mimi, pesa ya kwanza iende kwenye ndoana, kabla ya mshipi wa bei kubwa. Nawaandikia wanaotoka kwa ngalawa au boti ndogo, Unguja na Pemba, wakitafuta changu, chewa na nguru.

Nafasi ya kwanza naipa ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda ikaelekea mguuni, yaani kwenye kijiti kirefu cha ndoana, badala ya kutazama juu. Wengi wakiishika dukani huirudisha, kwa kuona haiwezi kunasa kitu. Inanasa, na kwenye kina hakuna inayoishinda, kwa sababu haingoji mvuvi awahi. Samaki akishachukua chambo akaanza kuondoka, ndoana huteleza hadi pembeni mwa mdomo, ikajigeuza na kuchoma hapo. Watu wa visiwa vya Pasifiki walichonga ndoana za umbo hili kwa mifupa na makombe kabla chuma hakijawafikia.

Sharti lake ni moja na ni gumu kwa mkono uliozoea: usishtue mshipi. Ukishtua, unaichomoa kabla haijajigeuza. Subiri uzito uingie, kisha vuta mfululizo bila kulegeza. Na unapotia chambo, ncha iache wazi. Kipande kinene cha ngisi kikiziba nafasi kati ya ncha na mguu, umenunua ndoana nzuri bure, maana nafasi hiyo ndiyo inayokamata taya. Kwa kuwa hunasa mdomoni, changu mchanga hurudi majini bila kutolewa utumbo, nawe hupotezi muda kuichimbua tumboni. Kasa pia huimeza kwa taabu zaidi, hasa ikiwa kubwa, na kasa ni mnyama anayelindwa.

Kwa wavuvi wa Pemba nasisitiza zaidi. Unguja imekaa kwenye maji ambayo kina chake hadi bara si kikubwa, lakini Pemba imetengwa na bara kwa mlango wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, na upande wa magharibi chini hupotea upesi. Mshipi ukiwa mrefu hivyo, kushtua kwako kunamezwa na nailoni kabla ya kufika kwa samaki.

Ya pili ni ndoana ya mguu mrefu yenye ncha iliyonyooka. Hii ni ya nguru na mzia, na kwao naitanguliza mbele ya ile ya duara hasa unapokokota chambo nyuma ya chombo. Samaki hawa hupiga kwa kasi na meno yao hukata nailoni kama wembe. Mguu mrefu huweka meno mbali na fundo. Hata hivyo funga kipande cha waya.

Ya tatu ni ile ya kawaida ya mguu mfupi. Ni rahisi, inapatikana Darajani, Mkokotoni, Wete na kwengineko, na kwa changu na tasi wa maji madogo inatosha kabisa, kwa sababu hapo mkono unahisi kila kinachodokoa. Ya mwisho ni yenye ncha tatu. Kwa mshipi wa chini siipendekezi: hushika matumbawe, ukaiacha huko pamoja na chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi.

Namba huwachanganya wanunuzi wapya. Namba 12 ni ndogo kuliko 6, na 6 ni ndogo kuliko 1. Baada ya hapo huja 1/0, 2/0 na kuendelea, na hizi hukua kadiri namba inavyopanda. Kwa changu wa mwamba anzia 4 hadi 1/0, kwa chewa na nguru 5/0 hadi 8/0. Viwanda havilingani, kwa hiyo ilinganishe kwa macho na mdomo wa samaki unayemtafuta.

Kabla hujalipa, fanya majaribio haya hapo hapo. Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, uivute polepole: ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Angalia jicho lake, yaani tundu la kufungia mshipi, kwani pengo dogo pale chuma kilipokutana hukata nailoni samaki mkubwa anapovuta. Nunua moja kwanza, ishike kwa koleo uipinde kidogo. Ikinyooka kirahisi, chewa ataifungua. Ikikatika, chuma chake kimefanywa kigumu kupita kiasi. Nzuri hurudi mahali pake.

Kuhusu chuma chenyewe, kile kisichoshika kutu kinavutia, lakini mimi huchagua cha kawaida kilichopakwa madini ya kuzuia kutu. Mshipi ukikatika, ndoana hiyo huoza upesi zaidi mdomoni mwa samaki aliyeponyoka. Ukirudi pwani, zisuuze ndoana kwa maji baridi ya mfereji, zikaushe, zipake mafuta kidogo, na zile za duara zitenge chombo chake ili ncha zisisuguane na nyengine.