Probiotiki za kununua Tanga: soma tarehe, kisha uliza joto la duka

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji wa Ngamiani na Chumbageni yanafanana mno: mtu ameandikiwa antibiotiki, tumbo limemharibikia, ameshauriwa anunue probiotiki, yaani vijidudu hai vya kusaidia tumbo, ametoa fedha isiyo ndogo, amemaliza pakiti nzima na bado anahara. Wengi huhitimisha kwamba bidhaa hizi ni utapeli mtupu. Mimi nadhani baadhi yao waliuziwa unga wa bakteria waliokwisha kufa, na kwamba bakteria hao walifia rafuni, kabla hata pakiti haijafunguliwa.

Kwa hiyo sitazungumzia ladha, uzuri wa boksi wala wingi wa aina za bakteria waliochanganywa, kwa kuwa hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Swali langu ni moja: idadi ya vijidudu hai iliyoandikwa kwenye boksi ni idadi ya siku gani? Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yalikubaliana mwaka 2001 kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Sasa geuza boksi usome yale maandishi madogo ya chini. Ukikuta imeandikwa kwamba vijidudu ni bilioni 50 wakati wa kutengenezwa, mtengenezaji hajakuahidi chochote kuhusu siku utakayomeza wewe. Bakteria wa jamii ya Lactobacillus na Bifidobacterium hupungua kadiri siku zinavyokwenda, na joto pamoja na unyevu huharakisha kufa kwao. Boksi nyingi huagiza zihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Hapa Tanga, kuanzia Desemba hadi Machi, mchana hupita nyuzi 30, hewa ina unyevu wa bahari, na fremu ya duka iliyoezekwa bati hufungwa Jumapili nzima bila hata feni. Bilioni 10 zilizohakikishwa hadi mwisho wa muda wa matumizi zina thamani kuliko bilioni 50 za siku ya kiwandani.

Kwa kipimo hicho, ninayoiweka mbele ni Enterogermina, na sifichi kwamba ninaipendelea. Ndani yake kuna spora za Bacillus clausii, yaani bakteria waliojifunga katika gamba gumu linalostahimili joto, asidi ya tumbo na antibiotiki kadhaa. Kichupa cha mililita 5 kina spora bilioni 2, na huhifadhiwa chini ya nyuzi 30, jambo ambalo duka lenye kivuli na hewa linaweza kulimudu kwa urahisi kuliko nyuzi 25. Kitikise kwanza, kwa sababu spora hutuama chini, kisha kinywe au ukichanganye na maji au maziwa. Wanaopenda namba kubwa watasema bilioni 2 ni chache. Mimi nazipendelea kwa kuwa zina nafasi nzuri ya kunifikia zikiwa hai.

Ya pili ni Saccharomyces boulardii, ambayo huuzwa kwa majina kadhaa, Florastor likiwa miongoni mwa yanayojulikana zaidi. Hii ni aina ya hamira, si bakteria, na kwa hiyo antibiotiki haiiui. Ukiwa katikati ya dozi ya antibiotiki ndipo faida hiyo inapoonekana. Hata hivyo dawa za fangasi zinaiua, na mgonjwa mwenye kinga dhaifu au aliyewekewa mpira katika mshipa mkubwa wa damu asiitumie kabisa. Ya tatu ni Culturelle, yenye bakteria aina ya LGG waliofanyiwa utafiti mwingi kuhusu kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Ningeiweka juu zaidi kama ningekuwa na uhakika wa joto la njia ambayo ilisafirishwa hadi dukani. Ukiinunua, imeze saa 2 mbali na antibiotiki yako.

Zile zinazodai friji muda wote siziweki popote, isipokuwa duka likuoneshe friji inayofanya kazi na jenereta yake. Kwa mwenye bajeti ndogo, mtindi wa Tanga Fresh uliohifadhiwa kwenye ubaridi ni chakula kizuri, ingawa si mbadala wa dozi ya probiotiki.

Lawama zangu kubwa ni kwa wauzaji. Katika duka moja la dawa, ambalo silitaji, muuzaji alichukua mkasi, akakata vidonge vinne kutoka kwenye karatasi yake, na kile kipande chenye tarehe ya kwisha muda kikabaki kwake. Nilipokiomba alinijibu kwa upole, «Dada, hizi hazina shida, mzigo mpya huu.» Boksi lenyewe lilikuwa limepangwa dirishani, upande uliofifia rangi kwa jua. Wapo pia wanaouza kwa simu, ambao hupakia mzigo kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam, ukapikika njia nzima, kisha wakaongeza bei kwa madai kwamba bidhaa ni ya nje. Hao ndio wanaoahidi kwamba probiotiki zitaondoa sumu mwilini, zitapunguza kitambi na kuponya vidonda vya tumbo. Chama cha Marekani cha Magonjwa ya Mfumo wa Chakula, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, hakikuzipendekeza hata kwa tumbo linalosumbua mara kwa mara, yaani IBS, isipokuwa ndani ya utafiti.

Mtoto anayehara anahitaji ORS na zinki kwanza, na mtoto njiti asipewe probiotiki bila daktari wake. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo mwaka 2023. Kwa mtu mzima aliyeandikiwa antibiotiki, anza ndani ya siku 2 za kwanza za dozi badala ya kusubiri tumbo liharibike. Nunua boksi zima lenye tarehe, tena kutoka rafu ya ndani, na kama muuzaji anakataa kukuuzia ila kwa kukatakata, nenda duka la pili.