Chanjo ya korona kwa wanaosafishwa damu hapa Tanga, huduma ya kitini naipa nyota nne

Naandika hii kwa wenye wagonjwa wa figo, maana watu wananiuliza sana mama alichanjwaje na kama alisumbuka. Kituo sikitaji jina, kipo hapahapa Tanga mjini, mama anasafishwa mara tatu kwa wiki na akiwekwa kwenye mashine ni kama masaa manne hivi.

Mwanzo walitukera. Rais Samia alichanjwa Julai 28, 2021, zile chanjo za Janssen zikaanza kugawiwa mikoani na wenye magonjwa ya muda mrefu walikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa, sawasawa na wahudumu wa afya na wa miaka 50 kwenda juu. Sasa sisi tunauliza tunaambiwa mkimaliza dayalisisi (huko kusafishwa damu) nendeni mkapange foleni kule nje na wengine. Jamani mtu katoka kwenye mashine presha imeshuka, miguu haina nguvu, ndo akakae benchi na joto letu hili amebanana na watu wanaokohoa?? Tukarudi zetu Makorora bila chanjo na wenzetu kadhaa hivyohivyo.

Baadae wakabadilika na hapo nawapongeza kwa moyo wote. Nesi akawa anakuja na kile kiboksi cha baridi mpaka kwenye kiti, mgonjwa anachomwa akiwa anasafishwa. Swali lake la kwanza likawa "shikamoo bibi, mkono wa fistula ni upi?" yaani ule uliofanyiwa upasuaji kuunganisha mishipa ya damu kwa ajili ya mashine, mama akamwonyesha wa kushoto, akachomwa wa kulia. Hilo mlishike sana, mkono wa fistula hauchomwi sindano wala haupimwi presha, hata akija daktari mgeni mwambieni. Halafu kwa sababu kwenye mashine wanawekewa heparini damu isigande, akabonyeza pamba pale kwa muda bila kusugua. Ile kukaa dakika 15 kuangaliwa kama kuna shida haikuwa na haja ya kupangiwa sehemu, si yupo hapo masaa na manesi wako pembeni yake. Mkono uliuma siku ya pili, basi.

Ndo maana nasema huduma ya figo inatakiwa iwe hivi toka siku ya kwanza. Marekani Machi 2021 serikali yao ilianza kupeleka chanjo moja kwa moja kwenye vituo vya dayalisisi, kwa sababu hawa watu hawawezi kujifungia ndani, korona iwepo isiwepo lazima apande daladala aende akakae chumba kimoja na wenzake, asipoenda sumu na maji vinamjaa mwilini. Na wakiipata inawaua kuliko watu wengine.

Wanaoogopa kwamba mwili wa mgonjwa hautaiweza, si Janssen si Pfizer si Sinopharm, hakuna yenye kirusi cha korona kilicho hai. Shida ya kweli ni kwamba figo zikifeli kinga nayo inalegea, chanjo haishiki vizuri kama kwa mtu mwenye afya, ndo wanaongezewa dozi. Hata ile ya homa ya ini B wagonjwa wa dayalisisi wanapewa dozi kubwa kuliko sisi.

Nyota moja nimeitoa hapo hapo kwenye dozi ya kuongezea, hakuna aliyetukumbusha, tuliuliza wenyewe. Daftari la zamu wanalo, namba za simu wanazo, wanashindwa nini?

Kingine, wakati ule wenye wagonjwa wa zamu ya jioni ilibidi mjiandikishe kwa nesi mapema na mkusanyane, kichupa kimoja cha Janssen kilikuwa cha watu watano na kikishafunguliwa kilitakiwa kiishe ndani ya masaa machache, kwa hiyo mkiwa wawili tu mara nyingi walikuwa hawafungui mnaambiwa mje siku nyingine.